Kungoja Jibu Mfangano

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Mama alipenda kusimulia kwamba nilipokuwa mdogo, akienda kupalilia mtama, alinifunga kamba mguuni kama mbuzi ili nisije nikajitumbukiza mtoni. Sikumbuki kamba hiyo, lakini siwezi kubisha. Asubuhi ile Homa Bay, nikiwa tayari mke wa mtu, nililizunguka ghala la bandarini mara nyingi hata mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Sikuwa nimepoteza kitu. Nilikuwa nangoja jibu, na mwenye jibu alikuwa ameketi juu ya kikapu chake akitafuna muwa bila haraka yoyote.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kule mgodini Macalder. Ulikuwa mwaka uliofuata uhuru, na kila mtu tuliyemjua alikuwa anakwenda mahali, au anasema anakwenda. Mgodi ulikuwa unaelekea kuishiwa madini, na mafundi walikuwa wameanza kupunguzwa. Yeye akapata kazi Mwanza, katika kiwanda cha kuchambua pamba, akataka twende pamoja. Mimi nilitaka kuliko yeye. Tangu utoto nilikuwa nimesikia habari za ng'ambo ya ziwa, na nilichokuwa nimeona ni Migori, Rongo siku za soko, na barabara iliyo kati ya miji hiyo.

Tatizo lilikuwa mama. Ndugu zangu wote walikufa wadogo. Baba naye alikuwa ameshazikwa. Nilibaki mimi peke yangu, na mama alikuwa na nyumba yake karibu na Migori, mbuzi wachache, na shamba la mtama linaloteremka hadi mtoni. Kuvuka ziwa na kumwacha vile bila neno lake kungekuwa kubeba laana pamoja na masufuria. Akikataa, ningebaki, na mume wangu angekwenda peke yake. Na habari za wanaume waliokwenda Mwanza peke yao tulizijua sana. Walirudi baada ya miaka na mwanamke mwingine, pamoja na watoto wanaosema Kisukuma.

Tulipotuma watu kumwuliza, mama hakukubali wala hakukataa.

"Nipelekeni kwetu kwanza," alisema. "Nitajibu nikishamwuliza mama yangu."

Mama yake alikuwa amekufa zamani na kuzikwa kisiwani Mfangano, alikozaliwa mama mwenyewe. Basi mume wangu akapanga safari. Tungepanda meli Homa Bay, tushuke Mfangano, tukae kwa mjomba mpaka meli irudi katika mzunguko wake. Ikifika, jibu litakuwa limepatikana. Mama angengoja ile inayokuja Homa Bay arudi nyumbani. Meli ya kwenda Karungu, Musoma na Mwanza ingechukua watu wawili, au mmoja.

Sasa niseme jambo ambalo asiyekuwa wa kwetu huenda asilione uzito wake. Kwa Wajaluo mama mkwe, tunayemwita maro, si mtu wa kuchezewa. Mkwe wake hampi mkono. Hali mbele yake. Hamtazami usoni, na hawalali chini ya paa moja. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na yeye mama mkwe anaifuata sawasawa na mkwe. Nchi kavu mambo haya hayana shida, maana nafasi ipo, na mtu akisikia kikohozi cha mwenzake anapita njia nyingine. Lakini aliyeunda meli ile hakutuuliza. Daraja la tatu lilikuwa sitaha moja tu, imejaa watu, kuku, baiskeli na magunia.

Mama akaenda kukaa tezi, kule nyuma kabisa. Mume wangu akaenda omo. Mimi nikawa katikati.

"Mwambie mtu wako upepo wa huko mbele ni mbaya," mama aliniambia hata kabla meli haijaiacha bandari. "Avae koti."

Nikaruka mizigo na miguu ya watu mpaka mbele. "Mama anasema uvae koti."

"Mwambie nashukuru. Mwulize kama amepata kivuli."

Nikarudi. "Anauliza kama umepata kivuli."

"Kwani haoni jua liko wapi?" Kisha akanivuta nguo. "Usimwambie hivyo. Mwambie nimepata."

Ikawa hivyo. Uji ulikwenda mbele, kibuyu kikarudi nyuma. Nanasi lilitoka mbele, ganda likarudi nyuma ili mama aone kwamba limeliwa. Kila mara mume wangu alipolazimika kupita kwenda chooni, nilipaswa kutangulia mbio nimwonye mama, naye avute leso mpaka puani. Baharia mmoja mzee, mtu wa Bukoba, alikuwa akipiga deki na kunitazama. Nilipomkanyagia sehemu aliyokwisha kuiosha, kwa mara sijui ya ngapi, akaegemea fagio lake.

"Bibi," alisema, "mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

"Basi nionyeshe hiyo ngama nikalale," nikamjibu, maana nilikuwa nimekwisha kuchoka kuchekwa.

"Haina nafasi huko chini. Nimejaza chumvi na sukari ya Mhindi."

Nilitamani kukasirika zaidi, nikashindwa. Kusema kweli nilikuwa nafurahia ile safari kiasi cha kuumia. Mlima wa Homa ulizunguka taratibu kama mtu anayegeuza kiti. Vilima vya Gwasi vilikuja. Pale Mbita wanawake walitujia kwa mitumbwi wakituinulia samaki, ngege waliokaangwa, na maembe mabichi, wakigombana juu ya mteja kwa sauti ambayo ingeweza kuvunja chungu. Nilikuwa nataka kuona kila kitu upande wa kulia na kila kitu upande wa kushoto. Na chini ya furaha hiyo kulikuwa na lile swali. Kila kilima kilichopita nilikiuliza: nitakuona tena karibuni nikirudi na mama, au sitakuona mpaka miaka ipite?

Kisiwa kilipoanza kuonekana, mama alisimama. Alikuwa hajasimama tangu Homa Bay. Akaangusha leso mabegani, akashika ukingo wa meli, akaanza kutembea kwenda mbele kana kwamba anaitwa. Alikuwa amesahau kabisa kwamba omo kuna mkwe. Nilipiga kelele. Mume wangu aligeuka, akamwona maro wake anakuja uso wazi, akakimbia kupitia upande wa pili wa sitaha mpaka tezi, akaenda kujificha nyuma ya baiskeli. Watu walicheka mpaka wengine wakaketi. Mama hakusikia. Alikuwa akikitazama kile kilima, midomo yake ikisema Kisuba, lugha ambayo nyumbani Migori hakuwa na mtu wa kuisema naye.

Miaka ile ziwa lilikuwa limepanda. Watu wa huko watakumbuka. Mvua zilinyesha bila mpango, na maji yakaja juu yakakaa, yakala mashamba na njia. Gati la Mfangano lilikuwa chini ya maji. Zilionekana ncha za nguzo tu, kila ncha na ndege wake. Meli ilitia nanga mbali, nasi tukachukuliwa kwa mtumbwi mmoja. Hapo nilifikiri heshima itatushinda. Lakini mama aliingia akaketi mbele akitazama kisiwa, na mume wangu akaketi nyuma yake akitazama meli, mgongo wake karibu uguse mgongo wa mama, na kila mmoja akajifanya yuko peke yake ziwani.

Mjomba alitupokea kwa shangwe. Alikuwa mvuvi mzee mwenye sauti kubwa na mguu mmoja mzito. Boma lake lilikuwa limebaki nusu. Nyumba ya chini ilikuwa imekwenda na maji, zizi vilevile, na ile ya vijana, simba tunayoiita, ambamo mgeni kama mume wangu angelazwa, ilikuwa imebaki paa tu, limeketi juu ya maji. Katika shamba lake ngege waliogelea katikati ya mabua ya mahindi. Iliyobaki kavu ilikuwa nyumba moja pale juu, na karibu na ufuko banda la kukaushia omena, dagaa wa kwetu.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," mjomba alimwambia mume wangu akicheka. "Wewe utalala bandani na omena wangu. Nyumbani kuna maro wawili, dada yangu na mke wangu. Utapita wapi?"

"Banda ni zuri sana," mume wangu alisema. Lilikuwa linanuka na upande mmoja haukuwa na ukuta.

Mama hakungoja hata maji ya kunywa. Alimwuliza kaka yake neno moja kwa Kisuba. Mjomba akaacha kucheka. Aliteremka naye mpaka ufukoni, mimi nyuma yao, akaelekeza kidevu kwenye maji, mahali palipokuwa na ncha za matete.

"Pale," alisema.

Bibi yangu alikuwa chini ya ziwa. Walikuwa wamemzika kando ya nyumba yake, kama desturi, na nyumba yake ilikuwa ya chini. Maji yalikuwa yametulia juu yake, na bata wadogo wawili walikuwa wakipita.

Mama hakulia. Nilingoja alie, nikaona afadhali angelia. Alisimama mpaka jua likaingia nyuma ya kilima. Tulipokuwa tunapanda, nikashindwa kujizuia.

"Mama, sasa itakuwaje?"

"Itakuwaje nini?"

"Jibu letu."

Alisimama akanitazama kama mtu aliyeombwa kitu ambacho ameporwa njiani. "Nilikuja kumwuliza mama," alisema. "Sasa nimwulize nani?"

Ndipo siku za Mfangano zikaanza. Mtu mwingine angeziita pumziko. Upepo ulikuwa mzuri, samaki tele, na ndugu za mama walijaa kila kilima. Mimi nilikuwa kama niko juu ya siafu. Nikiamka nilikwenda ufukoni nikamkuta mama ameketi, anayatazama yale matete. Nikiuliza, hanijibu. Nilipanda kilimani kutafuta moshi wa meli nikijua vizuri kwamba si siku yake. Nikishuka, mama ananichukua tukazuru shangazi huyu na binamu yule, kila nyumba uji, kila nyumba wananishika mashavu na kusema nimefanana na marehemu. Mke wa mjomba, mwanamke wa maneno, alinicheka nilivyokuwa nikisimama na kuketi. "Mgeni siku mbili," alisema, "siku ya tatu mpe jembe. Wewe nikupe hata leo, angalau utulie mahali pamoja."

Katika mizunguko hiyo mume wangu alikuwa akifa njaa, na hakuna aliyejua.

Nieleze ilivyokuwa, maana kosa hili lisingetokea kwa watu wasio na adabu. Mke wa mjomba alipika kila siku, akamwekea chakula chake kando. Lakini yeye ni maro, hawezi kukipeleka bandani. Akakiweka kizingitini kimefunikwa kwa ungo ili mimi nikichukue. Mimi nilikuwa kilimani na mama, nikilishwa kwa shangazi. Mama akirudi na kukuta ungo, alidhani ni chakula cha mjomba, akakisogeza ndani kisiliwe na mbwa. Mjomba akitoka kwenye nyavu alikikuta ndani, akala, akashukuru. Kisha akipita karibu na banda alipaza sauti, "Mkwe, umeshiba?" Na mume wangu akajibu, "Nimeshiba sana, baba, asante." Angejibu nini? Mkwe haombi chakula ukweni. Hata mimi nilipomwuliza aliniambia amekula. Alikuwa anatafuna omena wa mjomba, tena kwa kujificha, na kunywa maji ya ziwa. Mbu nao, ambao hawana wakwe, walikuwa wakimla yeye.

Siku moja mchana mvua ikaja na upepo wa kung'oa. Mjomba alikuwa upande wa pili wa kisiwa kwenye nyavu zake. Ufukoni maji yaliinuka yakaingia bandani. Nilikimbia kumtazama mume wangu nikamkuta amelala juu ya vichanja vya samaki, meno yanagongana, macho yamekuwa mekundu, ananiita kwa jina la dada yake. Nilipiga mayowe. Wavuvi wawili waliokuwa wakikokota mitumbwi yao waliacha, wakambeba mpaka pale juu, wakamwingiza katika ile nyumba kavu, wakamlaza kwenye mkeka.

"Mtu yako iko na homa mbaya," mmoja aliniambia kwa Kiswahili, akidhani mimi ni mgeni wa mbali. "Tafuta dawa haraka." Kisha wakakimbia kuokoa mitumbwi.

Mama alikuwa ndani walipomleta. Alipoona ni nani, alijifunika leso, akatoka kwa mlango akitembea kando kando, akaenda kusimama mvuani chini ya ukingo wa paa. Mke wa mjomba alikuwa hapo tayari, ameshika kichwa.

"Nani atamtazama?" nililia. "Mimi naenda zahanati!"

"Si mimi!" alisema mke wa mjomba. "Mimi pia ni maro, mtoto wangu! Nitafanyaje? Nikimwona ameanguka uchi itakuwaje?"

Mama alijibana ukutani. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni chini ya leso. Nilimtazama kwa hasira ambayo sikuwahi kumtazama nayo mama yangu. Niliona heshima zote za dunia ni upuuzi, niliona ataniulia mume kwa adabu. Kisha nikakimbia, maana hakukuwa na la kufanya zaidi ya kukimbia, na hilo nalijua.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya kilima. Njia ilikuwa mto. Dresa, mhudumu wa dawa, kijana wa Kiluhya mwenye sweta, aliniona nimesimama mlangoni natiririka.

"Mgonjwa iko wapi?" alisema. "Wewe mama unakuja na miguu tu, bila mgonjwa?"

Nilimweleza. Alinifokea kuhusu mbu, kuhusu maji ya ziwa, na kuhusu sisi wote tunaoishi kisiwani, ingawa mimi siishi. Lakini alinipa vidonge, akavifunga katika karatasi, akanirudia maneno ya kunywa asubuhi na jioni mpaka nikayasema kwa kichwa. Njiani kurudi nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena. Nilijiambia nikimkuta amekufa nitamwacha mama Mfangano na ziwa lake, na wala sitageuka nyuma. Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu kilimani.

Mke wa mjomba alikuwa bado chini ya ukingo wa paa. Mama hakuwapo. Niliinama mlangoni.

Mama alikuwa ndani. Alikuwa ameketi chini kando ya mkeka, ameupa mgongo, leso imemfunika kichwa na uso wote, anatazama ukuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umerudi nyuma umeshika kibuyu. Mume wangu alikuwa amekishika kibuyu hicho kwa mikono miwili na kunywa. Alipomaliza, mkono ulipapasa kwenye beseni, ukakamua kitambaa, ukarudi nyuma tena ukitafuta kipaji cha uso wake kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Ukapata sikio kwanza, kisha kipaji, ukapangusa. Kichwa cha mama hakikugeuka hata kidogo. Hakuwa amemwona, na alikuwa amemwuguza wakati wote ule.

Sikuingia. Nilibaki mlangoni na vidonge vyangu mpaka mama, bila kugeuka, aliposema, "Unasubiri nini? Mpe dawa." Nikaingia, naye akatoka kando kando vilevile, akaenda kukaa jikoni kwa mke wa mjomba. Walizungumza kwa Kisuba kwa muda mrefu. Sauti ya mke wa mjomba ilikuwa juu, ya mama chini.

Homa ilishuka. Mume wangu akaanza kula, mbele yangu, chakula ninachokileta kwa mikono yangu na kumsimamia mpaka amalize. Ile hadithi ya ungo na kizingiti ilipojulikana mjomba aliona haya, akamchinjia jogoo, na kwa miaka mingi baadaye hakuacha kuisimulia, akijilaumu na kucheka. Lakini kati ya mama na mume wangu kukawa na ukimya mpya. Hakuna tena "mwambie mtu wako" wala "mwulize mama." Mmoja akikohoa mwingine hukaa kimya kabisa. Nilidhani wanaona aibu ya yaliyotokea, na nikadhani aibu hiyo imeliua jibu langu.

Nilimwuliza mama tena, na tena. Kila mara alinijibu vilevile.

"Mwulize mtu wako."

Niliona ananifukuza. Maisha yangu yote katika safari ile yalikuwa ni kutumwa kwa mtu wangu na kurudishwa, na sasa hata hili ananituma! Sikumwuliza mtu wangu kitu. Nilinyamaza kwa ukali, nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Siku ya meli ilifika. Tulisikia honi yake kabla hatujauona moshi. Nilichukua nguo zetu nikazigawa, nikafunga mizigo miwili. Wake niliuweka mlangoni. Wangu niliuweka kando ya kikapu cha mama. Machozi yalinitoka, nami nikayaacha yatoke.

Mama aliingia akaiona.

"Mizigo miwili ya nini?"

"Wa kwake na wa kwangu. Si hujajibu?"

"Nilijibu," alisema.

"Ulimjibu nani?"

"Yeye. Siku ya mvua. Nimekwambia umwulize mtu wako. Hukumwuliza?"

Niliteremka mpaka ufukoni kwa mbio ambazo hata mbuzi walinipisha. Mume wangu alikuwa ananyoa ndevu, ameegemeza kioo kwenye mtumbwi. Nilimshika mkono wenye wembe.

"Mama alikwambia nini?"

Alitazama chini. "Nilidhani ni homa," alisema. "Maro hasemi na mkwe. Ningekwambiaje kwamba mama yako alisema na mimi? Nilidhani ni homa, nikaona vibaya hata kuifikiri."

"Alisema nini?"

"Nilikuwa namwita mama. Mama yangu mimi, marehemu. Nilitaka maji. Kukawa na mtu akaitikia." Alifuta povu shavuni polepole. "Akanipa maji. Kisha akasema, mchukue. Akasema yeye alikufunga kamba ukiwa mdogo, na sasa kamba ameifungua. Ila siku yeye akifa, watu wasimfunike uso mpaka wewe ufike. Ndivyo alivyosema. Basi si homa?"

Niliketi palepale mchangani. Nilikaa mpaka honi ikalia mara ya pili, na mume wangu ndiye aliyepanda kuifungua mizigo na kuifanya mmoja.

Wakati wa kuingia mtumbwini mama alikuja kutuaga. Alinishika mimi mashavu kama shangazi zake, kwa nguvu, akaniachia. Kisha akageuka akatazama kilima, akavuta leso usoni, na mkono wake wa kulia ukarudi nyuma, kiganja wazi. Sisi wote tukaona. Mke wa mjomba alifunga mdomo. Mume wangu alisimama kidogo, akanitazama. Safari hii sikuwa na ujumbe wa kumpelekea. Akaenda, akakishika kile kiganja kwa mikono yake miwili, kama alivyokishika kibuyu, akainama, akaja kuingia mtumbwini.

Nilipomwuliza mama baadaye, mara ya kwanza niliporudi kumtembelea, ni nini kilichomfanya aamue, alinijibu huku anapepeta mtama. "Nilikwenda kumwuliza mama yangu, sikumkuta. Halafu mtoto wa watu akaniita mama. Nikaona kumbe wa kuulizwa ni mimi." Akapuliza makapi. "Na wewe kaa chini, unaniletea kizunguzungu."

Tuliishi Mwanza miaka mingi. Nilirudi mara nyingi, kwa meli ileile na nyinginezo, na mara ya mwisho nililetewa habari ya kifo cha mama na mfanyabiashara wa Rongo aliyeshuka melini asubuhi. Meli haikuwa na haraka siku ile, na mimi niliitembea sitaha yote, tezi na omo, mume wangu akinifuata na kiti. Tulipofika Migori kaburi lilikuwa limechimbwa siku zilizopita na waimbaji walikuwa wamekauka sauti. Wazee walikuwa wakinung'unika wazi kwamba joto hili halifai kungoja mtu. Mume wangu alibaki langoni, akaipa nyumba mgongo, kama inavyompasa mkwe.

Mimi niliingia mbio. Walikuwa hawajamfunika uso.